Ini Langu na Kikombe Kilichojaa

Mwanangu Eunsil, naandika viatu viko mguuni. Supu ya kome wa mtoni ipo jikoni. Usiongeze chumvi, naujua mkono wako. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi kesho.

Leo asubuhi daktari aliyenikataza safari kwa ajili ya ini amesoma vipimo: ini zima, niende nitakako! Mdogo wangu Deoksu akabisha: “Kaka, mbona kila karamu ulikuwa na kikombe cha pombe mkononi?”

“Nilikishika kimejaa, bwege wewe, sikunywa. Kikiwa kitupu wanakujazia. Kikiwa kimejaa, nani atamimina?”

Alinuna, kisha akaomba supu. Sasa amelala sebuleni, daktari anaona wagonjwa wengine, na mimi nimekwenda mlimani.

Baba mkwe wako