Shimo la Saba

Jumamosi, 5 Disemba 1970. Mutrah.
Yaarub, mkwe wangu, amerudi kutoka bondeni kunakotafutwa shaba. Kazi yake ni kukadiria shaba iliyomo ardhini kwa mashimo machache tu: la karibu hupewa uzito mkubwa, la mbali mdogo. Mashimo jirani hufanana, asema. La saba halifanani na lolote — limejaa shaba, na yote yanayolizunguka ni matupu! Akatamka mbele ya wafanyakazi kuwa sampuli zimetiwa mabaki ya shaba ya wayeyushaji wa kale. Mlinzi wa sampuli ni Bakhit. Nimemkemea: mtu haitwi mwizi kwa hesabu. "Baba, hesabu haina jamaa." Kiburi!

Jumatatu, 7 Disemba.
Yaarub kavunjwa taya huko bondeni! Harub, dereva, kamleta nyuma ya gari, kanzu nzima damu. Bakhit alimpiga kwa kitako cha bunduki, akarudia, akarudia. Kila jino lilipoanguka aliuliza: "Na hili, linafanana na jirani yake?" Harub kayaokota meno kwenye kitambaa. Hakujua ampe nani. Kayachukua binti yangu Kheiria, mkewe Yaarub.

Jumatano, 9 Disemba.
Nimekwenda bondeni. Nimedai litobolewe shimo jipya, hatua moja kando ya la saba, wazee washuhudie, sampuli nizilinde mwenyewe. Bakhit kakubali papo hapo. Kukubali kwake kumenitia baridi.

Jumamosi, 12 Disemba.
Shaba. Mshipa mwembamba, umesimama wima. Mashimo jirani yaliukosa. Hakuna aliyetia kitu.
Nimemweleza Yaarub. Taya limefungwa, hasemi. Kaandika ubaoni: Mshipa mmoja si mgodi. Makadirio yangu ni yale yale.
Nikamuuliza: na uliyemwita mwizi?
Kaupangusa ubao.

Jumapili, 13 Disemba.
Baada ya alasiri kaja Bakhit na nduguze, bunduki mabegani. Nimemmiminia kahawa. Kakiweka kikombe chini — huku mwenye haja hanywi mpaka atimiziwe.
"Maalim, atoke aseme mbele ya hawa kuwa mimi si mwizi."
Ni haki yake. Nikamwambia: hawezi kusema, umemvunja taya.
"Basi aitikie kwa kichwa."
Nimeingia kumwita. Yaarub yuko kitandani, bunduki yangu mapajani, anatia risasi! Kheiria kamshika mkono. Yaarub kamsukuma ukutani, damu zikamtoka puani. Nimemvuta binti yangu nje, nikafunga mlango kwa ufunguo.
Nnaandika ukumbini. Yaarub anaupiga mlango kwa kitako cha bunduki. Ubao mmoja wa mlango umepasuka. Barazani wanasikia.
Bakhit anaita: "Maalim! Kahawa imepoa."