Neno la Bwana Mukhwana

Jumatatu, 6 Machi 2006
Kitale. Mchana tena Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno ya Kiingereza kwa vigae vya herufi, juu ya magunia ya mbolea. Sheria ya hapa ghalani: ukiweka neno, unasimama kulitaja na maana yake. Kamusi ililiwa na mchwa, kwa hiyo ubishi ukizuka naulizwa mimi. Wananiita Kamusi! Leo niliwapa “uncopyrightable” – kisichoweza kuwekewa hakimiliki. Hakuna herufi inayojirudia. Kisha “floccinaucinihilipilification” – kukiona kitu hakina thamani. Nafisa wa mapokezi akasema hilo litahitaji ubao wa pili. Nilicheka kidogo tu. Majaribio yangu ya kazi yanaisha mwezi huu na meneja, Bwana Mukhwana, hajasema kama nitabaki.

Jumatano, 8 Machi
Ubaoni palikuwa na MAIZE. Bwana Mukhwana akaweka UN mbele, ABLE nyuma: UNMAIZEABLE. Akasimama. Ati ni shamba lililokataa mahindi, kama la shemeji yake kule Tongaren. Watu hoi kwa kicheko. Akanigeukia. “Kamusi, liko ama haliko?”
Nikasema liko.
Kwa nini? Sijawahi kuliona popote. Lakini mbona lile la hakimiliki liko? Nalo ni un mbele, able nyuma. Sielewi.

Ijumaa, 10 Machi
Nilidhani anatania. Kumbe ameamini! Asubuhi alikuwa akimweleza mkulima neno hilo kwa simu. Kesho tunacheza na tawi la Bungoma na amesema atalitumia. Nikaingia ofisini kwake nimwambie. Nikatoka na kikombe chake, nikakiosha.

Jumamosi, 11 Machi
Bungoma. Naandika nje, kwenye ngazi. Aliweka MAIZE, akasubiri, kisha akalimalizia. Peris, mhasibu wa hapa, akapinga. Kamusi mpya anayo, iko mezani, hajaifungua. Anataka kwanza kumsikia huyu kijana wa Kitale anayesifiwa. Neno likikataliwa, tumeshindwa. Chai ikaletwa, wakasema tunywe kwanza.
Nilingoja Bwana Mukhwana anikonyeze. Wapi! Amenifuata hapa na mkate, ameupaka siagi pande zote mbili.
“Kula, Kamusi. Nimewaambia mimi sibishani na wewe. Ukisema haliko, naliondoa mwenyewe.”
Ananipima? Amejua? Au ananiamini tu – na hilo ndilo linaniogopesha zaidi.
Peris anatuita ndani. Mkate bado umenijaa mdomoni. Nafunga daftari, naingia.