Gundi Mpya Juu ya Kuukuu

Jumatatu, 3 Machi

Tangi linavuja. Siku nne tu tangu lifike! Nililichukua kwenye ile kliniki ya meno iliyohama, na samaki wake watano na kokoto zake, nikajisifu kwamba nimeokota dodo. Leo asubuhi zulia chapachapa. Ni pembe ya kushoto, chini – tone, tone, tone.

Baba ndiye aliyeona. Tangu Mama afariki mwezi wa tisa alikuwa hakai sebuleni kabisa, akila anarudi chumbani. Tangi lilipoingia akavuta kiti mbele yake. Yule samaki mnene asiyejisogeza kampa jina, Mwenyekiti. Leo kamwambia, "Mwenyekiti, kikao kimeahirishwa." Nimecheka, halafu nikaenda bafuni nikalia kidogo.

Samaki wako kwenye beseni la kufulia. Nguo zitajijua zenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Kaka kapiga simu. Nikamweleza habari ya tangi. Kasema tupa hilo, nunua jipya, unang'ang'ania kuukuu la nini? Akaongeza usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamwambia ufa wenyewe ninao hapa sebuleni, methali abaki nayo.

Kisha akageukia karakana ya Baba. Ndiyo hasa aliyopigia. Amepata mtu wa kuichukua. Baba amekosea kukata kioo cha dirisha mara mbili kwa mteja yuleyule mwezi uliopita, na juzi aliacha mlango wazi akarudi nyumbani. Yote kweli. Lakini Baba anaamka kwa sababu ya karakana! Ukimnyima hiyo atavaa viatu aende wapi?

Simu ilikuwa kwenye spika na Baba kasikia habari ya tangi. Akaja mbio kwa kadiri ya magoti yake. "Fundi vioo wa miaka arobaini na moja anunuliwe tangi? Watu si watanicheka? Nitalitengeneza mwenyewe."  Baba alipoondoka, Kaka akaniambia taratibu: Jumamosi nakuja. Likishika maji, sisemi tena habari ya karakana. Lisiposhika, yule mtu anahamia mwisho wa mwezi.

Nikajibu sawa. Nilikuwa namsemea nani, sijui.

Jumatano, 5 Machi

Samaki mdogo amekufa. Nimemzika kwenye chungu cha maua kabla Baba hajaamka. Kawahesabu, akapata wanne, akasema mbona walikuwa wanne tangu mwanzo. Nikasema ndiyo, Baba.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Mkuu wa shule kauliza shughuli gani. Nikasema ya kifamilia. Ningesema tangi la samaki angenicheka mpaka likizo.

Baba alivaa lile koti lake la kazi, mifuko yote miwili imetoboka. Tukatandika magazeti mezani, tukalilaza tangi. Akanituma gundi ya silikoni, nikaleta. Akanituma kitambaa, nikaleta. Nilikuwa nasubiri anitume wembe.

Hakunituma wembe.

Mimi nimekulia karakanani, najua. Silikoni mpya haishiki juu ya kuukuu. Unakwangua ya zamani yote, unafuta kioo kwa spiriti, unaacha kikauke, ndipo unapaka. Ni sheria ya kwanza ya Baba. Aliwafukuza mafundi wawili kwa kosa hilohilo – mmoja wao baba wa watoto watano, na Mama alimwombea mpaka akachoka.

Leo kapaka mpya juu ya kuukuu. Pembe nzima. Mstari umenyooka, mzuri, mweupe. Akaulainisha kwa kidole kilicholowa sabuni, vilevile kama zamani. Na alikuwa anapiga mluzi! Miezi sita sijasikia mluzi ule. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga.

Akasema, "Siku mbili lisiguswe. Jumamosi tunatia maji." Kisha akauliza kama nimeona fundi anavyofanya kazi. Nimeona, Baba.

Nimekuwa mwoga. Acha niandike hivyohivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Baada ya kazi nilipitia kwa muuza samaki. Ana tangi la ukubwa uleule, kioo kileile, hata mfuniko unafanana. Nikapiga hesabu zangu za kijinga: Baba analala kila mchana saa nane. Namwita jirani, tunatoa lile, tunaingiza hili, nalichafua kidogo kwa majivu. Jumamosi linashika maji. Kaka ananyamaza, Baba anabaki na karakana yake.

Muuza samaki akasema dada, la zamani lina nini? Nikamweleza habari ya pembe. Akasema hilo hata mwanafunzi wa fundi anaweza, kwangua tu, paka upya, kwa nini unataka kujitia hasara?  Akaniahidi ataniwekea mpaka kesho saa nne.

Nimerudi mikono mitupu. Baba alikuwa amekaa karibu na beseni, anamweleza Mwenyekiti kwamba nyumba yake iko tayari na haitavuja tena maisha. Amempa dhamana!

Nikinunua jipya, namdanganya Baba. Nikinyamaza, maji yatamuumbua mbele ya mwanawe. Nikimwambia, nitamwambiaje? Mama angejua. Alikuwa anamkosoa huku akimmiminia chai, na Baba anakubali akidhani kawaza mwenyewe. Mimi sina ufundi huo. Nimemkumbuka Mama sana leo.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne imepita. Sikwenda.

Naandika jikoni, haraka. Saa tano Baba aliamua tutie maji kabla Kaka hajafika, akute samaki wanaogelea. Nikajaza ndoo. Nilikuwa nimeshaiinua aliposema ngoja. Akapitisha kidole gumba kwenye pembe, polepole, kutoka juu kwenda chini. Akaingiza ukucha. Ule mstari mweupe ukachomoka wote kama utepe, ukabaki unaning'inia mkononi mwake.

"Nani kafanya kazi hii?"

Hakumbuki. Nilimtazama machoni nikitafuta kama anatania. Amekasirika kwelikweli, hasira ya ufundi. "Gundi mpya juu ya kuukuu! Nani?"

Nikasema, "Mimi, Baba."

Kanifokea, weee! Kwamba nimekulia karakanani bure, kwamba nimemwaibisha, kwamba ningekuwa mwanafunzi wake ningekuwa barabarani saa hii. Nimesimama na ndoo yangu, machozi yananitoka, nasema nisamehe Baba. Akadhani nalia kwa sababu ya kufokewa. Akapoa. "Basi, mwanangu. Lete wembe nikuonyeshe tena."

Nikampa. Akapiga magoti, akaanza kukwangua. Ndivyo hasa inavyotakiwa, kipande kwa kipande, hajaacha hata punje. Kaka akaingia bila hodi akamkuta hivyo. Akauliza kumetokea nini. Baba akajibu hata bila kugeuka: "Dada yako kaharibu kazi. Lakini usimseme, atajifunza."

Kaka kanifuata huku jikoni. Kafunga mlango. Kauliza, kwa sauti ya chini, kama kweli ni mimi niliyepaka ile gundi. Nikamwambia kwanza apeleke chai, nakuja. Kapeleka. Nasikia wembe kwenye kioo, na Baba anamwambia shika hapa, bonyeza, usiogope.

Kaka anarudi. Kashika kitasa.