Mwezi wa Kufunga Gari

Holbeck, Nebraska
11 Agosti 2013

Mwanangu Marlys,

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na wapiga kura wote wa mji huu, yaani mimi na Irma Petska, ambaye alinipigia kura huku akilalamika, natangaza rasmi kwamba kuanzia leo gari la meya litafungwa kwa ufunguo, vioo juu, mpaka jalidi ya kwanza itakapoua mimea.

Baada ya tangazo hilo, hujambo? Mimi sijambo, ila goti, nalo linasema mvua haiji.

Sababu ya kufunga unaijua. Mamumunye ya Irma yameiva. Jana niliacha gari wazi mbele ya posta (imefungwa tangu zamani, lakini tunaegesha pale kwa heshima), kurudi nikakuta mamumunye yamejaa kiti cha nyuma, makubwa kama watoto wachanga. Moja amelikalisha mbele na kulifunga mkanda.

Leo asubuhi akaja tena, akatikisa kitasa.

"Arvid! Umefunga gari? Wezi wenyewe wako wapi?"

"Mwizi simwogopi. Namwogopa anayeleta."

"Utakula tu, bahili wewe. Nguo zenyewe zinakupwaya."

Akayapanga juu ya boneti, akaenda zake.

Marehemu mama yako alikuwa akisema, anayenunua mumunye dukani ni mtu asiye na mtu duniani. Kwa hesabu hiyo, mimi ni tajiri.

Baba yako,
Arvid

Denver
2 Septemba 2013

Baba,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na kazi inakwenda. Mumunye la mkanda limenichekesha mpaka jirani akagonga ukuta. Huku jirani ni mkono unaogonga ukuta; jina lake silijui.

Baba, chumba changu cha nyuma kiko tupu, kinakungoja. Theluji ya mwaka jana ilipokuzingira, nilipiga simu mpaka nikakata tamaa, kumbe waya ulikatika na wewe umekaa jikoni unacheza karata peke yako. Huko kumebaki nini? Nieleze kama unavyomweleza mgeni.

Mwanao,
Marlys

Holbeck
20 Oktoba 2013

Mwanangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi mzima. Goti lilikosea, mvua ilikuja.

Umeuliza kilichobaki. Kaskazini ni ngano. Kusini ni ngano pia, ila ya mtu anayeishi Florida. Mashariki kuna reli, na treni bado hupiga honi ikifika hapa, sijui inamsalimu nani. Ghala la nafaka limesimama, ndani wanaishi njiwa. Kibao cha barabarani kinasema tuko kumi na mmoja. Tuko wawili. Tisa waliobaki wanaonekana na serikali tu.

Magharibi ni makaburini, mtaa wetu wenye watu wengi kuliko yote, wala hakuna anayehama. Jina langu limeshachongwa kando ya la mama yako. Limebaki kuongezwa mwaka.

Lakini si hilo linalonizuia. Ni Irma. Ukungu umemwingia machoni. Juzi alisimama nusu ya asubuhi akiigombeza nguzo ya simu kwamba haimwitikii salamu. Nikija kwako, nani atampeleka kanisani? Mji wa mtu mmoja si mji, ni mtu aliyepotea.

Baba yako,
Arvid

Denver
1 Desemba 2013

Baba,

Hujambo? Goti je?

Bi Petska alinipigia Sikukuu ya Shukrani, akiwa mjini Lincoln kwa mwanawe Duane. Daktari amemwambia macho yanahitaji matibabu ya mara kwa mara huko huko, la sivyo yatakwisha kabisa. Duane amemtengea chumba. Amekataa. Unajua kwa nini? Alisema hivi: "Nikiondoka, nani atamlisha Arvid? Yule hata yai la kuchemsha huliunguza."

Yaani wewe humwachi kwa sababu yake, naye hakuachi kwa sababu yako. Na macho yake hayangoji.

Mwanao,
Marlys

Holbeck
16 Februari 2014

Mwanangu,

Salamu. Yai niliunguza mara moja tu, na simu ilikuwa imelia.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Kisha nilivuka barabara. Sikutazama kulia wala kushoto, gari la mwisho lilipita Jumanne. Nilimkuta Irma anamenya viazi kwa kupapasa.

"Nahamia Denver kwa Marlys," nikamwambia. "Pasaka."

"Mwongo."

"Kitanda kimeshanunuliwa."

"Wewe? Ghorofani? Asubuhi utagombana na nani?"

"Nitatafuta."

Akaendelea kumenya kile kiazi mpaka kikaisha mkononi. Kisha akasema, "Basi nitamwambia Duane alete lori."

Hakulia. Mimi nilikuwa na mafua.

Akikupigia kuuliza, mwambie ni kweli.

Baba yako,
Arvid

Denver
27 Aprili 2014

Baba,

Uko wapi? Simu inaita tu. Pasaka imepita. Nilioka nyama, nikala peke yangu siku tatu.

Bi Petska alipiga. Nilimwambia ni kweli, kisha nikaenda kununua kitanda, ili isiwe uongo. Yuko Lincoln, jicho moja limeanza kuona. Ameomba anwani yako mpya, nikampa yangu.

Kitanda kiko karibu na dirisha. Niandikie japo mstari mmoja.

Mwanao,
Marlys

Holbeck
24 Agosti 2014

Mwanangu Marlys,

Hujambo? Nisamehe kwa kimya. Mzima niko mzima.

Jumamosi ya Pasaka nilifunga sanduku, nikaendesha mpaka kwenye kibao. Nikasimama pale na injini inaunguruma. Kumi na mmoja, kinasema. Nikaona nikikipita, hapatabaki hata mtu mmoja wa kukikanusha. Nikageuza gari. Sanduku bado liko mlangoni, huwa nalikalia nikivaa viatu.

Nafurahi kuhusu jicho. Usimwambie Irma niko huku, atarudi.

Bustani yake imekuwa magugu matupu. Mwezi huu sikufunga gari. Niliteremsha vioo vyote, nikaliegesha mbele ya mlango wake, nikaliacha hapo wiki nzima. Mvua ikanyesha, viti vikalowa. Njiwa mmoja aliingia, akatazama, akatoka.

Hicho kitanda, dirisha lake linatazama wapi? Na huko Denver, mwezi wa nane, watu hufunga magari?

Jana nilikwenda mji wa jirani wenye duka. Nilinunua mumunye.

Baba yako,
Arvid