Namba kwenye Jiwe la Jiko

Papa Neema wangu,

Nakuandikia nimekaa pale mulango wetu ulikuwa. Neema analala mugongoni. Ndani ya tumbo mwenzake anapiga teke. Huyu ulimuacha bila kujua.

Asubuhi ile haitoki machoni. Serikali ilikupa kazi ya kuhesabu watu wa Ntoto, kijiji yetu, ukaandika namba kwa chaki, mulango kwa mulango, nyumba moja ni wale wanaokula chungu kimoja. Jirani yetu Mama Furaha akakutania: "Mbuzi wangu analala ndani, naye umuandike!" Ukacheka. Ukatuambia mji si barabara ya lami. Iko watu wengi, nyumba karibu-karibu, na kazi ingine kuliko shamba tu. Hesabu ikionyesha sisi ni mji, tutaomba materniti, nyumba ya kuzalia.

Wenye bunduki wakaona namba. Wakasema ni alama za adui. "Nani aliandika?" Walikuwa wamemushika Mama Furaha nywele, njo hapo ukajibu: "Ni mimi." Walikukata na panga mbele yangu. Mara moja haikuwatosha. Vidole vyako vilikuwa vyeupe kwa chaki, halafu... Wakawasha moto. Mbuzi alilia ndani mpaka akanyamaza.

Juzi watu wa kuhesabu wamerudi, na picha iliyopigwa kutoka juu. Mukubwa wao akaniambia kwa upole: "Mama, picha haioni mabati. Hapa tumeandika pori." Pori! Nikamushika mukono, nikamuonyesha turubai na majani ya ndizi, na moshi chini ya kila moja. "Hesabu vyungu," nikamuambia. Akakubali, lakini kila jiko liwe na namba.

Hakuna aliyetaka chaki. Mama Furaha alitema mate karibu na miguu yangu: "Unataka tukufe mara ya pili?"

Sikumukasirikia. Nikaandika namba moja kwenye jiwe la jiko letu, nikakaa kando yake siku muzima, macho njiani. Hakuna aliyekuja kuua. Ni Mama Furaha alikuja, amekumbatia jiwe lake, jeusi kwa masizi. "Andika mbili. Na ya mbuzi usiniulize."

Watu wa kuhesabu waliniuliza ni wangapi wanakula hapa. Nikataja jina lako. Wakasema marehemu haandikwi.

Basi lala, mupenzi. Chaki yako ninayo. Kesho naanza kuandika kwa mto, pale uliishia siku ile. Sitaruka hata jiko moja.

Mama Neema