Siku Tatu za Kuvuna Mpunga

Jumatatu, 5 Juni 1905

Somo la barua tena. Wanafunzi kumi na wawili, karibu wote watu wazima. Serikali inataka makarani. Mimi nawafundisha pia kulalamika: jambo lenyewe, siku, mahali, nani aliona, unaomba nini. Mponda wa Michenga alianza kwa kumtukana akida, msimamizi wa serikali katika vijiji vyetu. Nikayafuta maneno hayo. Matusi humpa mkubwa sababu ya kutosoma.

Alhamisi, 8 Juni

Barua ya Mponda imekamilika. Mistari tisa. Watu wa Michenga wanashindishwa kwenye pamba ya akida toka alfajiri hadi jioni. Mpunga wao umeiva, nguruwe wanaula. Wanaomba siku tatu wakavune. Nilimwambia atie jina lake. Barua isiyo na jina ni kelele tu. Tarishi ameipeleka bomani, kwa Mjerumani. Barua safi. Najivunia.

Jumamosi, 17 Juni

Imerudi. Bwana mkubwa wa boma ameisahihisha kwa wino mwekundu! Mponda aliandika "mpuga", yeye kaongeza herufi. Chini yake: mwandiko mzuri, shauri lipelekwe kwa akida. Kwa akida! Mshtakiwa ndiye hakimu. Tarishi amenionyesha tu, kisha akaenda nayo huko.

Jumatatu, 19 Juni

Wamempiga Mponda viboko ishirini na tano, palepale kwenye pamba, watu wakitazama. Akida alikuwa ameshika barua ile mkononi.

Nilikwenda kumjulia hali. Amelala kifudifudi. Mkewe aliniamkia, akaniletea kigoda, kisha akasema, "Ulimfundisha kutia jina, mwalimu. La kwako lilikuwa wapi?"

Ni kweli. Nilikuwa mwoga, nikauita woga wangu ualimu.

Jumanne, 20 Juni

Mponda amekuja shuleni. Sikumwita. Hawezi kukaa. Aliandika barua ya pili amesimama, karatasi juu ya kizingiti cha dirisha. Siku, mahali, idadi ya viboko, walioona. Siku tatu zilezile. Hakuna tusi hata moja. Mimi ningetukana.

Nimetia jina langu chini ya lake. Naipeleka mwenyewe.

Jumamosi, 24 Juni

Bomani. Siku tatu za njia, mto na milima. Miguu imevimba.

Bwana mkubwa alisoma bila kuketi. "Wewe ni mwalimu wa serikali au wakili wa washenzi?"

"Mimi ni shahidi, bwana."

Akaniacha juani hadi alasiri. Kisha karani akaleta cheti. Michenga wapewe siku mbili. Mimi nisifundishe tena. Atatafutwa mwalimu mwingine. Viboko havikutajwa. Siku mbili! Kama sadaka! Mpunga wameulima wenyewe!

Jumatano, 28 Juni

Nimemkabidhi akida cheti. Karani wake akamsomea. Akatema mate, akaniuliza nimekula nini nikawa jeuri hivi. Lakini muhuri ni muhuri. Kesho wanaachiwa.

Alhamisi, 29 Juni

Wameingia mashambani kabla ya jua. Karibu nusu ya mpunga imeliwa. Wanawake wanaokota hata masuke yaliyokanyagwa.

Ijumaa, 30 Juni

Shule imefungwa. Nimeshinda Michenga, nikikata mpunga kwa kisu nyuma ya mke wa Mponda. Mponda anafunga matita, polepole, bila kuinama sana.

Jioni mama yule aligeuka akatazama mkono wangu.

"Unakata chini mno, mwalimu. Hivi."

Akanionyesha. Nikakata tena.