Gari Lililouzwa Pamoja na Nyuki

Nyumba ya mkunga,
nyuma ya zahanati,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimeketi kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, maana nikiingia kabisa nitaitwa jikoni na nikitoka kabisa nitaitwa wodini. U hali gani? Goti je? Ulisema baridi ya huko huingia mifupani kama mgeni asiyepiga hodi. Vaa soksi mbili mbili, usione haya. Nani atakuchungulia miguu?

Sisi huku tu wazima. Mama mkwe anakohoa kidogo, ila ulimi wake hauna kikohozi. Watoto wanakua, nguo zinabaki nyuma. Na mume wangu, fundi cherehani ambaye mpaka leo unamwita Bubu, hajambo pia. Kaa vizuri, Shangazi, maana habari niliyo nayo ni yake.

Unaijua njia ya kwenda kijiji cha juu. Uliipanda ukiwa msichana, na ukasema hairudii mtu mwenye akili. Bado iko vile vile, mawe na makorongo. Mvua zilizopita walimteremsha mama mmoja juu ya kitanda cha kamba, uchungu umemkamata. Nilikutana nao njiani, kwenye kijito. Mtoto nilimpokea pale pale mvuani, na hakulia. Mama yake alipona. Nilifunga kanga yangu juu ya yule mtoto, tukapanda naye tena.

Baada ya hapo akina mama wa kule juu hawakulia tu, walikaa kikao. Wakasema liwalo na liwe, gari litafutwe. Kila mmoja akaleta alichojaliwa: aliyeuza maharage, aliyeuza mbuzi, bibi mmoja hata mabati ya jiko lake aliyateremsha akayauza. Wakanichagua mimi niende mnadani, eti nimezoea kelele. Ukiyabeba matumaini ya watu namna ile, Shangazi, hata kupumua unapumua kwa adabu.

Mnada ulikuwa kwenye uwanja wa kampuni ya mbao iliyofunga kazi. Tulikwenda watatu: mimi, mume wangu, na makanika wetu tunayemwita Spana. Magari yamepangwa safu, mengine majani yameotea ndani ya boneti. Wachuuzi wa magari walikuwa wamejaa, watu wa miwani myeusi na simu mbili mbili. Kila gari zima lililotajwa lilipanda bei mpaka likatupita kichwani. Nilinyoosha mkono, nikashusha. Nikanyoosha tena, nikashusha. Mwishowe niliona aibu ya mkono wenyewe.

Likabaki moja pembeni, karibu na ukuta. Refu, rangi ya udongo, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, kioo kimoja cha nyuma kimevunjika. Spana akaingia chini yake, akatoka anatabasamu. Chesisi haina kutu, akasema, na injini haijachokonolewa na mtu. Kisha akafungua mlango wa dereva.

Sijawahi kumwona mtu mzima akiruka uzio bila kuugusa! Ndani mlikuwa na nyuki. Si nyuki wawili watatu, ni ufalme. Masega yamening'inia toka darini hadi kwenye usukani, makubwa kama mito ya kulalia, na mngurumo wake ungedhani injini inawaka.

Dalali akasimama mbali, akapaza sauti: "Kila kitu kinauzwa kama kilivyo!"

Mtu mmoja akadakia, "Na kama walivyo!"

Uwanja mzima ukacheka. Hakuna aliyenyoosha mkono. Dalali alishageuza uso kwenda gari jingine, ndipo mume wangu akanigusa kiwiko.

"Nyoosha."

"Una wazimu?"

"Nyoosha mkono, mama watoto."

Hayo ndiyo maneno yote niliyopewa. Nikanyoosha, sijui kwa nini. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mchuuzi mmoja wa kofia nyeupe akaanza kuinua kidole, nyuki akampitia sikioni, kidole kikarudi mfukoni. Mara ya tatu, nyundo ikagongwa!

Watu walinipigia makofi yale ya kumpongeza mjinga. Nilijiona nimewanunulia akina mama mzinga wenye matairi. Na sharti la dalali lilikuwa moja: gari liondoke kesho yake kabla ya mchana, la sivyo linauzwa upya.

Mume wangu hakubishana na mtu. Aliomba kreti la mbao kwa mlinzi, akatafuta kinyesi kikavu cha ng'ombe, akakiwasha ndani ya kopo la rangi. Akangoja jua lilegee. Wachuuzi wengi hawakuondoka. Walijipanga nje ya uzio kushuhudia mtu akifa bure. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wangu wa dawa, nikijiuliza sindano niliyo nayo itamtosha mtu mzima au la.

Akavua viatu. Akaingia.

Shangazi, mimi nimeishi na mtu yule, nimekula naye, nimezaa naye, na nakwambia siku ile nilimwona kwa mara ya kwanza. Alipuliza moshi kidogo, akangoja. Akapuliza tena. Kisha akaanza kuimba. Ndiyo, Bubu wako! Si wimbo wenye maneno, ni sauti ya chini kifuani, kama ya mtu anayembembeleza mtoto huku akiwaza mengine. Na ule mngurumo wa nyuki ukashuka. Niliusikia ukishuka. Watu wote nje ya uzio waliusikia, maana hata simu zilinyamaza.

Akayakata masega moja moja kwa mkasi wake wa kazi. Akayafungia kwenye vijiti kwa uzi wa cherehani, taratibu, kama anayepima kanzu ya bwana harusi. Nyuki walimfunika mikono mpaka viwiko. Ungesema amevaa mikono ya shati la kahawia inayotembea. Hakuwapangusa. Alipomwona malkia wao alitulia kabisa, akamkinga kwa viganja vyote viwili, akamshusha ndani ya kreti.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sitalisahau. Nyuki walianza kumfuata. Walitoka garini wakishuka kwenye ngazi ya mlango, wakavuka udongo, wakaingia kretini, safu kwa safu, hakuna anayemsukuma mwenzake. Jua lilikuwa limelala, mbawa zao zinang'aa kama vumbi la dhahabu. Yule mchuuzi wa kofia nyeupe aliivua kofia. Spana, ambaye hajui kunyamaza hata msibani, alinishika bega tu.

Alipotoka nilimhesabia miiba shingoni, akainamisha kichwa kama mtoto anayenyolewa. Nikamuuliza, "Haya uliyajua wapi?"

"Kwa babu."

"Na mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwa na nyuki."

Nikacheka mpaka nikalia, Shangazi, au nililia mpaka nikacheka, sijui kipi kilitangulia.

Asubuhi Spana alikuja na betri. Akasafisha nozeli za kupulizia mafuta, akakung'uta nta kwenye swichi, akapiga ufunguo. Gari likakohoa, likatema moshi mweusi na majani makavu, kisha likatulia na kunguruma kwa sauti nzito ambayo niliihisi kwenye nyayo. Kreti la nyuki tulilifunika kwa kitambaa, tukaenda nalo nyuma. Sasa liko mwisho wa shamba letu, na mama mkwe hakanyagi huko hata umwambie kuna pesa zimeanguka.

Jumatano gari lilipata kazi yake ya kwanza. Binti mmoja wa kijiji cha juu, mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya tumboni. Nilipanda na Spana. Kwenye korongo kubwa akavuta gia ile ndogo ya milimani, na gari likainua pua kama ng'ombe anayetoka mtoni. Niliona mbingu tu kwenye kioo. Mawe yakapita chini yetu, njia ile iliyotuchosha sisi na mama zetu na bibi zetu, gari likaipanda bila haraka na bila kiburi. Nilifumba macho. Nilipofumbua tulikuwa juu.

Tukimteremsha, nilikuwa nyuma naye, mkono mmoja tumboni mwake, mwingine nimeshika bomba la dari. Kijito tulikivuka maji yakigonga milango. Hatukusimama. Daktari wa hospitali ya mjini alimpasua jioni ile ile. Mtoto wa kike. Kilio chake, Shangazi, kilisikika mpaka getini!

Niliporudi nje nilimkuta bibi yake yule mtoto, mama wa binti, tuliyeteremka naye, amesimama peke yake mbele ya gari. Boneti bado ilikuwa ya moto. Alikuwa ameweka kiganja juu yake, analipapasa kama mtu anayempapasa mnyama aliyetoka mbali, na akaliambia polepole, "Umefanya kazi. Sasa pumua." Sikumkatiza. Nilikwenda nikasimama upande wa pili, nami nikaweka mkono wangu.

Wasalimie binamu zangu wote huko, na yule mjukuu wako mpole, na jirani yako anayekuletea mkate. Mama mkwe anakusalimu na kukuombea goti. Spana anakusalimu kwa kelele. Mume wangu nimemwambia nakuandikia. Ameitikia kwa kichwa, basi ichukue hiyo kama salamu ndefu.

Mola akulinde, akupe usingizi mtamu na nyumba yenye joto.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye leo kuliko jana,

Mkunga wako.